Mapolo Manane ya Mbegu

Mtu wa kwanza kumpiga Haidar ni mimi. Naanza hapo kwa sababu hapa Kiuyu kila mtu sasa anajidai alikuwa nyuma, alikuwa anaamulia, alifika mambo yamekwisha. Waongo wakubwa. Watu zaidi ya arubaini walimpiga mtu mmoja mchana kweupe, na aliyeanza ni mimi, Mwanamize, mwenyekiti wa kikundi, bibi wa wajukuu saba, kwa mchi wa kutwangia.

Hasira nilizaliwa nazo. Marehemu mume wangu alikuwa akisema mimi ukininyima chumvi nitadai bahari. Watu walicheka, na kwa hasira hizo hizo wakanichagua niongoze Tujilishe, maana walitaka mtu asiyeogopa kugombana.

Kikundi chenyewe kilianza kwa aibu. Mwaka ule meli ilichelewa, mchele ukaadimika madukani, na kijiji kizima chenye bonde lenye maji kikalala na njaa. Bibi zetu walilea watoto kumi kumi kwa bonde hilo hilo. Tukaona haya. Tukazunguka kwa vizee kuomba mbegu ya mpunga wa zamani, ule wa punje nyekundu, ambao maji ya chumvi yakiingia bondeni wenyewe haubabaiki. Kibaba huku, nusu kibaba kule; kizee mmoja alitupa konzi moja tu, kaifunga katika pembe ya kanga. Tukapanda, tukavuna, hatukula. Tukapanda tena, tukavuna, hatukula. Misimu miwili watu waliutazama mpunga wao ukiiva kisha wakaenda dukani kununua mchele wa meli. Nani anaweza subira hiyo? Sisi tuliiweza. Tukajaza mapolo kumi na manne, magunia makubwa ya mbegu, ya kutosha bonde zima. Masika ya mwaka huu kila nyumba ingepanda kipande chake, na baada ya hapo tungekula jasho letu wenyewe, ziada ikauzwe kwenye gulio letu la Jumamosi pamoja na muhogo na ndizi.

Ufunguo wa ghala alikuwa nao Haidar. Huyu ni mwana wa Bi Saada, mwenzangu tangu tukiwa chuoni tunasoma juzuu. Ana miaka thelathini na nne, hajaoa, na ni mpole hata anaudhi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Lakini mbegu alizijua. Alizipepeta, alizinusa, alizianika mwenyewe na kuziingiza mwenyewe wingu likitanda. Mimi nilimpenda kama mwanangu, na nasema hivi nikijua nilichomfanyia.

Asubuhi moja ya Jumanne, wiki tatu kabla ya kupanda, tulikuta bati la nyuma ya ghala limebanduliwa na mapolo sita hayapo.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nilitukana watu wasiokuwepo. Haidar akanijia pale uani, uso umemshuka.

"Bi Mize, nna neno nataka nkwambie. Faragha."

"Neno gani la faragha, na ghala ulishika weye? Ondoka mbele yangu kabla sijakutia kofi!"

Akaenda zake. Sikumwita. Nilikuwa na mambo mengi, ndivyo nilivyojiambia.

Kificho, katibu wetu, alisema mwizi ni wa humu humu, wala tusimtafute mbali. Hapo alisema kweli. Mimi nikasema basi na isomwe Halbadiri. Asiyejua ajue: hicho ni kisomo kizito. Hutajwa majina ya mashujaa wa Badri, mtu aliyedhulumiwa akamshitakia Mungu, na aliyedhulumu husemwa hupatwa palepale alipo, tumbo likamvimba au akili ikamruka. Huku kwetu mtu huiba ng'ombe akamla, lakini akisikia Halbadiri inasomwa hurudisha hata kamba.

Shehe Abrahman hakutaka. Alitangaza msikitini siku tatu mfululizo, aliyechukua arudishe, hata ayatupe mapolo njiani na hapana atakayemuuliza. Hayakurudi. Ijumaa baada ya alasiri tukakaa mkekani, ubani ukafukizwa, na kabla hajafungua kitabu shehe akatutazama mmoja mmoja.

"Nakuusieni," alisema. "Mkishasoma, kesi hii si yenu tena. Atakayeshikwa, kashikwa na Mwenyewe. Mkono wa mtu usimguse. Mmenisikia?"

Tukasema tumesikia. Tukaitikia amin, na amin ya Kificho ilisikika mpaka barabarani. Haidar naye aliitikia, macho chini.

Jumapili tulikuwa na msaragambo bondeni, kijiji kizima, kung'oa magugu na kuchimbua mifereji. Wanaume walikuwa na majembe, sisi wanawake tulikuwa kwenye banda la juu tunatwanga makopa, muhogo mkavu, ya ugali wa watu wa kazi. Jua lilikuwa limeshapanda Haidar alipofika. Alikuja akiyumba. Nilimwona toka mbali nikadhani amechoka. Alipokaribia nikaona mate yanamtiririka kidevuni na hayafuti, machozi yanamtoka bila kulia, na jasho limemrowesha kanzu yote. Akashika jembe, likamponyoka. Mikono ilikuwa inamtetema. Akainama akatapika, na alipoinua uso mboni zake zilikuwa zimekuwa ndogo kama mbegu za ufuta.

Majembe yakasimama, bonde zima. Kisha mtu mmoja, mpaka leo simjui nani, akasema, "Imemshika."

Neno hilo likapita mdomo kwa mdomo. Imemshika. Imemshika Haidar. Kumbe ni yeye. Na mimi nikakumbuka "nna neno, faragha", nikajua ndilo hilo neno, alitaka kukiri nami nikamfukuza, na moyoni mwangu nikasema mwana haramu huyu, nimemlisha kwa mkono wangu. Niliteremka na mchi. Nilikuwa na haraka, nakumbuka niliogopa mwengine asije akanitangulia.

Nilimpiga kichwani. Mti ulilia, yeye hakulia. Alipiga magoti matopeni akaniangalia, akasema, "Bi Mize," na mate yakamtoka na damu pamoja. Nikampiga ya pili, ya bega. Basi watu wakamfika.

Sitaki kulifupisha hili. Walimpiga kwa mipini ya majembe. Walimpiga mateke ya mbavu na ya tumbo, na kila alipotapika wakasema mbegu zinatoka hizo. Mwanamke mmoja, mcha Mungu, alimpiga na kiatu usoni mpaka jicho la kushoto likafunga. Kificho akaleta kamba ya ng'ombe, wakamfunga kwapani, wakamburuta kutoka bondeni mpaka nyumbani kwa mama yake, ambako si mbali, wakisema twende tukatazame ndani.

Bi Saada alikuwa anafagia. Alipoona kinachoburutwa alitupa fagio akaja mbio, wakamsukuma akaanguka chali. Wakavunja mlango wa chumba cha Haidar, na kabla sijafika nikasikia ukelele wa furaha, kama wa goli. Chini ya kitanda, yamefunikwa na jamvi: mapolo ya mbegu. Yetu. Yana alama yetu ya rangi ya buluu.

Hapo ndipo kipigo kilipokuwa kipigo. Mwanzo watu walikuwa na mashaka kidogo, mkono mmoja ukipiga mwengine ukisita. Sasa palikuwa na ushahidi. Wakamnyoosha mkono wa kulia juu ya kizingiti. "Huu ndio ulioiba!" Nani alisema, nani alishika kisigino cha shoka, wote tulikuwapo. Vidole viliposagika nilisikia sauti yake nikiwa hatua tatu. Bi Saada alitambaa akamlalia mwanawe, mtu akamvuta kwa nywele. Mwenzangu tangu utoto. Aliniita kwa jina langu la utotoni ambalo watu wengine wote wanaolijua wamekufa, na mimi nikasema, "Mpigeni. Kaiba chakula cha watoto."

Kisha nikafanya kazi ya mwenyekiti. Niliufungua ufunguo kiunoni mwa Haidar, nikaenda ghalani kupanga nafasi mbegu zirudi. Nilikuwa nimejawa na raha, na raha ile ndiyo inayonichukiza zaidi sasa.

Ghalani yalikuwamo mapolo manane yamesimama ukutani. Yale yaliyobaki baada ya wizi. Nikataka kuyasogeza, nikashika la kwanza, likanyanyuka kwa mkono mmoja. Nikalifungua. Makapi. Nikafungua la pili, makapi. Yote manane makapi matupu.

Nilisimama pale na konzi ya makapi. Tulikuwa na kumi na manne. Yakaibwa sita, yakabaki manane. Manane haya ni makapi. Basi yale ya chini ya kitanda ni mangapi? Niliyaona, nilipita mbele yake, sikuyahesabu. Hapana hata mmoja wetu aliyehesabu.

Nilikimbia, na mimi magoti yangu hayakimbii. Niliingia chumbani kwa Haidar moja kwa moja. Harufu ikanipiga, kali, macho yakaanza kunitoka maji. Dirisha lilikuwa limezibwa na matambara ili mtu asichungulie. Kwenye kona palikuwa na karai na chupa yenye picha ya fuvu, dawa ya wadudu wa mbegu, na kata aliyoichanganyia, na mbegu nyekundu zilizoganda kwenye karai kwa umbile la vidole vya mtu aliyevuruga kwa mikono mitupu. Mapolo yalikuwa manane. Nikayagusa moja moja. Manane.

Hakuiba. Aliyahamisha. Mwizi alikuwa wa humu humu, naye hakujua ni nani, basi akaweka makapi ghalani ili mwizi akirudi apate makapi, na mbegu akalala nazo chini ya kitanda chake. Fukusi walikuwa wameanza kuingia, akazitia dawa, mlango umefungwa, dirisha limezibwa, siku mbili anavuta sumu ile ili sisi tupande. Na neno la faragha lilikuwa hilo.

Nje walikuwa bado wanampiga.

"Wacheni!" nilisema. "Wacheni, si yeye!" Hapana aliyesikia. Nikaushika mchi wangu nikaanza kupiga watu wangu. Nilimpiga Kificho mgongoni. Nilimpiga Ngwali, ndugu yangu wa tumbo moja, kwenye goti akaanguka. Kijana mmoja akanirudishia ngumi ya mdomo, jino likanikatikia ulimini, nikalitema.

"Imekushika na weye?" alinipigia kelele.

"Hesabuni mapolo!" nikasema na damu mdomoni. "Yaliibwa sita! Ingieni mkahesabu, mbwa nyinyi, hesabuni!"

Ngwali ndiye aliyeingia, akichechemea. Tulimsikia kutoka ndani. Moja. Mbili. Alihesabu kwa sauti mpaka nane, akahesabu tena tangu moja. Alipotoka hakumtazama mtu. Fimbo zikaanza kuanguka moja moja chini, na katika ukimya ule tukamsikia Haidar anavyokoroma.

Shehe Abrahman alifika na gari ya samaki aliyoisimamisha barabarani. Alimbeba Haidar yeye na Bi Saada tu. Sisi tulitaka kusaidia, mama yake akasema, "Asimguse mtu." Hospitali walimsafisha sumu, wakamtoa jicho, na siku ya tatu wakamkata mkono juu kidogo ya kifundo. Lakini roho ilibaki.

Mwizi alipatikana baada ya siku kumi, wala hakupatikana kwa kisomo. Kificho alipeleka mapolo mawili ya mpunga mwekundu kwenye mashine ya kukobolea ya kijiji cha pili, mwenye mashine akashangaa, mpunga huu si wa Tujilishe? Yaliyobaki yalikuwa nyumbani kwa shemeji yake. Aliyeitikia amin kuliko wote, aliyeleta kamba ya ng'ombe, hata mafua hayakumshika. Sisemi kisomo ni uongo, ulimi wangu haufiki huko. Nasema tuliusiwa tuache kesi kwa Mwenyewe, nasi tukajipa kazi ya malaika kwa mipini ya majembe.

Watu wakataka kumfanyia Kificho vile vile, safari hii kwa mapanga. Mimi na shehe tulisimama mlangoni pake. Nilikuwa nikimchukia, ningeweza kumtafuna ini, lakini nilisimama, na jiwe likaja likanipasua paji la uso. Damu ikanifumba macho, nikaendelea kusimama kwa kupapasa mihimili. Polisi wakaja wakamchukua mzima.

Mvua ya kwanza ilipopiga, Haidar alikuwa ameshatoka hospitali. Mbegu zilikuwa kwao, manane yale pamoja na manne tuliyoyaokoa kwa shemeji wa Kificho, na hapana aliyethubutu kwenda kuziomba. Siku zikapita, ardhi imelowa, kila mtu anatazama bonde na kutazama chini. Masika haimngoji mtu. Mwisho Bi Saada akatuma neno kwa shehe: kila nyumba ije na pishi yake.

Tulipanga foleni uani. Haidar alikaa kwenye kibao, polo mbele yake, kipande cha mkono kimefungwa kitambaa, kibaba katika mkono wa kushoto. Alikuwa amekonda, na lile jicho moja lilikuwa kubwa sana.

Wa kwanza alikuwa Ngwali. Akatega pishi. Haidar hakuchota.

"Sema kwanza," alisema kwa upole wake ule ule. "Ulinipiga na nini?"

Ngwali akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeanguka. Akamtazama shehe, shehe akatazama mbali.

"Mpini wa jembe," alisema mwisho.

"Wapi?"

"Mbavuni. Mara nne... tano."

Haidar akachota, akampimia pishi kamili, akamwita wa pili. Mateke. Kiatu, usoni. Jiwe. Fimbo ya mpera. Yule wa shoka alisema kwa sauti isiyosikika, Haidar akamwomba arudie, akarudia. Wanne walitoka kwenye foleni wakaenda zao na pishi tupu, na vipande vyao mwaka huu vina magugu. Wengine walilia. Yeye hakulia wala hakusema nimesamehe. Alipima tu, na kibaba kilikuwa kikimtetema, maana mkono wa kushoto ulikuwa bado haujajua kazi.

Nilikuwa wa mwisho kwa kusudi. Nilipofika mbele yake sikungoja kuulizwa.

"Mchi," nilisema. "Kichwani, kisha begani. Na ukiwa umeshalala nikasema wakupige. Nami ndiye niliyeanza."

"Najua," alisema. "Nlikuwa nakuangalia."

Nikatega pishi yangu. Akaweka kibaba juu ya polo, akakifunika kwa kiganja.

"Weye hupati, Bi Mize."

Waliokwisha kupimiwa waliguna. Niliinamisha kichwa, nikaona ni haki, nikageuka niondoke. Akaniita.

"Sijamaliza. Miye nna kipande na nna mbegu. Mkono ndio sina."

Bi Saada akatoka ndani na jembe la mwanawe, lenye mpini uliolainika kwa kiganja chake cha kulia, akaliegemeza ukutani karibu nami. Hakunipa mkononi.

Leo ni siku ya tano nipo kwenye kipande cha Haidar. Nafika alfajiri, natoboa, natia punje, nafukia. Yeye huja na mama yake wakakaa ukingoni, na nikipanda mstari umepinda husema tu, "Umepinda huo," nami hufukua nikaanza upya. Hatuzungumzi lingine. Mchana Bi Saada huleta ugali wa watu wawili wakala wao, mimi nakula muhogo wangu kwa mbali. Mgongo unaniuma hata sijui nilale upande gani, nalia nikiwa nimeinama ili wasione, na nadhani wanaona. Kimebaki kipande cha chini, chenye maji mengi, kama siku tatu za kazi. Kipande changu hakina kitu mwaka huu.